Saa Moja ya Prime95

Leo nina neno na wale wanaonunua, wanaounganisha na wanaotengeneza kompyuta za mezani huku Meru, kuanzia Kiirua na Naari hadi Kibirichia na Timau. Neno lenyewe ni madabodi, ule ubao mpana ulio ndani ya sanduku la kompyuta, ambao prosesa, memori, diski na feni zote huchomekwa juu yake.

Kila kampuni kubwa inayotengeneza madabodi huambatanisha nayo programu ya kuikoleza. ASUS walitoa AI Suite, Gigabyte walitoa EasyTune, MSI wana MSI Center, ASRock wana A-Tuning. Ukiifungua unakuta mishale inayocheza, rangi nyingi, na kitufe kinachoahidi kwamba ukibofya mara moja tu mashine itapata kasi zaidi. Kijana akishaona zile namba zinapanda, anaamini ameipima madabodi yake. Mimi nasema hajaipima. Madabodi hupimwa kwa kazi ngumu ya saa nzima, kwa stima yetu hii na vumbi letu hili, tuone kama itamaliza bila kupunguza mwendo na bila kukosea hesabu hata moja.

Pengine mama mmoja ananisikiliza huku akimenya waru na kusema hayo ni mambo ya vijana wa magemu kule Nairobi. La, mama, yanatuhusu. Mwenye saiba hapa sokoni anaishi kwa mashine zisizozimika, hasa mwezi wa Juni, watu wanapopanga foleni kuwasilisha ritani za KRA kabla ya tarehe 30. Wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Kiirua wanajifunzia kwenye mashine za aina hiyo hiyo. Na wale vijana wanaorekodi harusi na mazishi huiacha kompyuta ikitengeneza video usiku kucha. Mashine ikizima saa tisa za usiku, asubuhi familia ya watu haina video, na kijana hana malipo.

Tuanze na kazi ya madabodi yenyewe. Yenyewe haipigi hesabu, kwa kuwa hesabu ni za prosesa. Madabodi hupitisha data kutoka kifaa kimoja hadi kingine, na hugeuza umeme. Kazi hii ya pili ndiyo watu huisahau. Pawa saplai huleta volti 12, lakini prosesa inataka volti moja na ushei. Kushusha volti hizo ni kazi ya vile vidude vilivyopangwa kuzunguka tundu la prosesa: koili, transista na kapasita. Sasa piga hesabu. Prosesa ikila wati 125 kwa volti 1.25, mkondo unaopita pale ni ampea 100. Birika la umeme la wati 2,000, kwa stima yetu ya volti 240, halivuti hata ampea 9. Ampea 100 zinapita kwenye eneo unaloweza kulifunika kwa kiganja, na zinapita saa nzima, usiku mzima, kadiri kazi inavyoendelea. Madabodi ya bei nafuu, yenye vidude vichache na isiyo na vipande vya chuma vya kupozea, huchemka hapo. Ikichemka, inaiambia prosesa ipunguze mwendo.

Ndiyo maana ukichukua madabodi mbili nzuri, ukazipa prosesa ile ile, memori ile ile na mipangilio ile ile, tofauti ya kasi huwa ndogo mno, kiasi cha asilimia moja au mbili. Kampuni zinalijua hilo kuliko mimi na wewe. Basi zitashindana kwa lipi? Zikaanza kukoleza kimyakimya. Mwaka 2012, enzi za madabodi za Z77, tayari baadhi zilikuwa zikitoka kiwandani zimepangwa ili viini vyote vya prosesa vikimbie kwa kasi ambayo Intel waliikusudia iwe ya kiini kimoja kinapofanya kazi peke yake. Mpimaji akiwasha, anaona ubao huu umeushinda ule, anausifu. Kumbe hakuna ubao ulioshinda. Kilichotokea ni kwamba mmoja umeikamua prosesa zaidi ya mwingine, na joto na stima vikapanda pamoja na alama.

Mchezo huo umewagharimu watu. Mwezi wa Aprili 2023 wateja walianza kuonyesha prosesa za AMD aina ya Ryzen 7 7800X3D zilizoungua na kuvimba, pamoja na matundu ya madabodi yaliyoungua. Mtu alikuwa amewasha tu mpangilio wa kuharakisha memori, na madabodi ikaipandisha volti ya sehemu nyingine ya prosesa bila kumuuliza. AMD wakaweka kikomo cha volti 1.3, na kampuni za madabodi zikatoa haraka BIOS mpya, yaani programu ya msingi iliyo ndani ya madabodi yenyewe. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Intel. Prosesa za kizazi cha 13 na cha 14, hasa Core i9, zilikuwa zikianguka katikati ya kazi. Intel walipochunguza walitaja sababu kadhaa: moja ni mipangilio ya umeme ya madabodi iliyovuka miongozo yao, nyingine ni makosa katika maagizo ya ndani ya prosesa zao wenyewe, yaliyoomba volti kubwa kupita kiasi. Agosti 2024 walitoa marekebisho yaliyopitia BIOS, wakaongeza dhamana kwa miaka 2. Lakini walisema wazi kwamba prosesa ambayo imeshaharibika haiponi kwa marekebisho hayo.

Hapo ndipo habari inapotufikia huku. Vifaa vilivyotumika Ulaya na Marekani huishia kwenye maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, na kutoka huko hupanda matatu hadi Meru. Mtu akikuuzia Core i9 ya vizazi hivyo viwili kwa bei ya kuvutia, usifurahi kabla hujaipa kazi ngumu mbele ya macho yako. Ukiiona kwenye meza imetulia, ikifungua Windows vizuri, hujaona chochote.

Kwa upande wangu, nazithamini sana zile mashine za ofisi za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, Dell OptiPlex na HP ProDesk, ambazo vijana huzidharau. Madabodi zake hazina vitufe vya kukoleza, BIOS yake ina machaguo machache, na programu za mbwembwe hazimo. Walizitengeneza kwa ajili ya karani anayezifungua saa mbili asubuhi na kuzifunga saa kumi na moja jioni, miaka mitano mfululizo. Kwa saiba ya Kiirua sijui chaguo bora kuliko hilo.

Sasa nirudi kwenye zile programu, kwa sababu kasi ni nusu tu ya habari yake. Ili programu iweze kubadilisha volti na mwendo wa prosesa ikiwa ndani ya Windows, ni lazima iwe na draiva yenye ruhusa ya kugusa kila sehemu ya mashine. Draiva hiyo ikiwa na tundu, mwizi anaipata ruhusa ile ile. Si nadharia. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kasoro katika draiva za App Center ya Gigabyte. Februari 2020 kampuni ya Sophos ikaonyesha kwamba wahalifu wa RobbinHood, wanaofunga mafaili ya watu na kudai fidia, walikuwa wakibeba draiva ya zamani ya Gigabyte na kuisimika wenyewe kwenye kompyuta za waathiriwa. Windows iliikubali kwa sababu ilikuwa na sahihi halali, kisha wakaitumia kuua programu za kulinda mashine. Mwaka 2022 kundi jingine, BlackByte, lilifanya hivyo hivyo kwa draiva ya MSI Afterburner, programu maarufu ya kukoleza kadi za picha.

Kisa cha ASUS kinanisumbua zaidi. Machi 2019 kampuni ya Kaspersky ilieleza kwamba kati ya Juni na Novemba 2018 wahalifu waliingia kwenye mfumo wa ASUS wa kusambaza masasisho, wakaweka programu yao ndani ya ASUS Live Update, ikasambazwa na seva za kampuni yenyewe ikiwa na sahihi ya kampuni yenyewe. Kaspersky waliikuta kwa wateja wao zaidi ya 57,000, ingawa waliolengwa walikuwa mia chache tu. Halafu Mei 2023 kampuni ya Eclypsium ikagundua kwamba BIOS za aina zaidi ya 250 za madabodi za Gigabyte zilikuwa zikidondosha programu ndani ya Windows kila mashine inapowaka, na programu hiyo ikavuta masasisho kutoka intaneti kwa njia isiyolindwa ipasavyo. Hata ukifuta Windows na kuiweka upya, inarudi, maana imelala ndani ya madabodi. Gigabyte walitoa BIOS ya kurekebisha. Kama una ubao wa Gigabyte wa miaka hiyo, ingia BIOS, zima kipengele cha App Center, na usasishe.

Katika saiba, mashine moja hupokea nambari za siri za KRA, za eCitizen, za HELB, za barua pepe za watu wa kijiji kizima. Kuweka humo programu yenye ruhusa zote, eti prosesa ipate asilimia tatu zaidi, ni biashara mbaya. Iondoe. Ukitaka kurekebisha mwendo wa feni, ufanye ndani ya BIOS mara moja, kisha usahau. Na kama kasi ndiyo unayoitafuta, fungua sanduku uone kuna vijiti vingapi vya memori. Mashine nyingi za ex-UK huja na kijiti kimoja tu. Ukiongeza cha pili kinacholingana na cha kwanza, memori hupita kwa njia mbili badala ya moja, na kama huna kadi ya picha utaiona tofauti kwa macho, jambo ambalo kitufe cha kukoleza hakitakupa.

Basi tupime. Kabla ya kuwasha, fungua mfuniko, washa tochi ya simu. Tazama zile silinda ndogo ziitwazo kapasita, moja moja. Yoyote iliyovimba kichwa au iliyotoa majimaji ya kahawia inatosha kukufanya uirudishe mashine. Takriban kuanzia 1999 hadi 2007 dunia ilijaa kapasita mbovu, na madabodi za enzi hizo bado huzunguka kwenye mitumba. Angalia pia betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu. Saa ya mashine ikirudi nyuma kila stima inapopotea, betri imekwisha, na tarehe ikiwa ya uongo tovuti za serikali na za benki zitakataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama hukaguliwa kwa tarehe. Nimewaona watu wakilaumu intaneti kwa kosa la betri.

Ukishawasha, ingia BIOS urudishe mipangilio ya kiwandani. Halafu usiiamini moja kwa moja, kwa sababu kama nilivyoeleza, kwenye madabodi nyingine mipangilio ya kiwandani yenyewe imekolezwa. Tafuta kikomo cha wati za prosesa. Ukikuta 65 au 125, hiyo ni namba ya kawaida. Ukikuta 4,095 au 4,096, maana yake kikomo kimeondolewa kabisa. Weka namba ya mtengenezaji wa prosesa.

Programu za kupimia hazitakugharimu chochote zaidi ya bando. HWiNFO itakusomea joto, volti na mwendo. Cinebench ya kampuni ya Maxon huipa prosesa picha ya kuchora na kutoa alama, na toleo la R23 hurudia kazi hiyo kwa dakika 10. MemTest86 hupima memori ikianzia kwenye flashi, bila Windows, na hiyo iache usiku kucha. Ile ninayoitegemea kuliko zote ni Prime95. Iliandikwa na George Woltman kwa ajili ya mradi alioanzisha mwaka 1996 wa kutafuta namba tasa kubwa kupindukia. Ina hesabu ambazo majibu yake yanajulikana tayari, kwa hiyo prosesa ikikosea hata tarakimu moja, inasimamisha kazi na kukwambia. Programu ya kukoleza haikwambii hivyo. Yenyewe inakuonyesha kasi, hata kama kasi hiyo inatoa majibu ya uongo.

Hifadhi mafaili yako kwanza kwenye diski nyingine. Kisha endesha Cinebench mashine ikiwa baridi, uandike alama. Washa Prime95, fungua HWiNFO pembeni, na uketi hapo saa nzima. Mwendo wa prosesa ukianza kushuka, tazama joto lake. Kama limefika kwenye nyuzi 100, ambazo ndizo kikomo cha prosesa nyingi za Intel, tatizo ni feni iliyojaa vumbi au pesti ya kupitisha joto iliyokauka, na dawa yake ni brashi na pesti mpya. Lakini mwendo ukishuka chini ya ule wa msingi ulioandikwa na mtengenezaji, ilhali joto la prosesa bado liko kwenye 70 na wati hazijafika kikomo ulichoweka, basi ishuku madabodi, kwamba vile vidude vya kushusha volti vimeelemewa. Hapo hakuna pesti itakayokusaidia. Ama utafute prosesa ndogo kwa ubao huo, ama ubadilishe ubao.

Saa ikiisha, zima Prime95 na uendeshe Cinebench tena papo hapo, mashine ikiwa bado moto. Tofauti ya asilimia chache naikubali. Ikizidi kumi, mimi sinunui. Kama una kipima umeme, gusa nacho waya wa manjano wa pawa saplai wakati kazi inaendelea: viwango vya ATX vilivyozoeleka vinataka volti 12 isishuke chini ya 11.4 wala kuvuka 12.6. Amini kipima kuliko namba inayoonekana kwenye programu, kwani vihisi vya madabodi nyingi husoma volti kwa makosa.

Na stima, ambayo kila fundi huitaja kabla ya virusi. Wote tunakumbuka tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu yote ilipoingia gizani. Lakini giza refu si adui mkubwa wa madabodi, adui ni ule mkatiko mfupi, taa zinapopepesa na kurudi. Pawa saplai nzima, kwa kiwango cha ATX, huweza kushikilia mashine kwa milisekunde 16 au 17 baada ya stima kukatika, chini ya mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50, ambao ni milisekunde 20. UPS za kawaida huchukua milisekunde kadhaa, hadi 10 hivi, kuhamia kwenye betri. Kwa hiyo pawa saplai ikiwa nzima, muda unatosha. Ikiwa imechoka, mashine inajiwasha upya licha ya UPS, na mteja anaambiwa madabodi imekufa. Jaribu hivi: hifadhi kazi zote, endesha Cinebench, kisha chomoa waya wa UPS ukutani. Mashine ikiendelea, vizuri. Ikijiwasha upya, badilisha pawa saplai kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Kuna jambo moja la huku mlimani ambalo wapimaji wa Taipei na London hawana haja ya kulifikiria. Tuko juu. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 uzito wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 18 kulinganisha na Mombasa, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo hata feni ikizunguka kwa kasi ile ile. HP katika miongozo ya kompyuta zao huagiza kupunguza nyuzi moja ya joto linaloruhusiwa chumbani kwa kila mita 300 za mwinuko. Baridi yetu ya Julai inatufidia, nashukuru. Lakini chumba cha saiba chenye mashine kumi na mabati juu, saa nane mchana mwezi wa Februari, hakina baridi ya Julai. Pimia mashine yako kwenye chumba itakamofanyia kazi, saa ile itakayofanya kazi zaidi.

Ukienda kununua, beba flashi yenye programu hizi nne. Mwambie mwenye duka kwa heshima, "Ndugu, naomba mashine ifanye kazi saa moja nikiwa hapa, kisha tuelewane bei." Wapo watakaokubali na kukupa kiti. Atakayekataa, muage vizuri uende duka linalofuata.

Na nyinyi mafundi wetu, nina ombi. Kila mashine inayotoka mikononi mwenu, bandikeni karatasi ndani ya mfuniko: tarehe, alama za baridi, alama za moto, joto la juu kabisa, volti kwenye waya wa manjano, na toleo la BIOS. Mteja akirudi mwaka ujao akisema, "Fundi, hii mashine imekuwa nzito," mtafungua mfuniko, mtaendesha saa ile ile ya Prime95, na mtalinganisha.